Manowari Bomba Tatu: Siku Mbili Salale

Basi dogo la Kibiti liliondoka Mbagala Rangi Tatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watu wamesimama hadi mlangoni. Juu ya keria kulikuwa na magodoro mawili, baiskeli na tenga la vifaranga waliolia njia nzima. Ilikuwa tarehe 10 Julai. Nilitaka nilale Salale usiku huo, ili kesho yake niamkie kwenye maji ambamo, tarehe 11 Julai 1915, manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ilipigwa na Waingereza mpaka ikalala tumboni mwa mto Rufiji.

Pembeni yangu alikaa kijana aliyemaliza Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa mujibu wa sheria miezi michache nyuma. Alikuwa bado anakaa wima, mgongo haugusi kiti. Aliniamkia, tukaulizana tuendako. Yeye alikuwa akienda Bungu kwa mama yake. Nilipomwambia nakwenda kutazama mahali pa vita vya zamani, aliuliza kama kuna mtu wa kwetu aliyepigana huko. Nikamjibu kwamba si huko Rufiji. Babu yangu mzaa baba alikuwa Keya, yaani askari wa jeshi la Waingereza la huku Afrika Mashariki, na mwaka 1944 alipelekwa Bama, yaani Burma, kupigana na Wajapani.

"Wajapani hawa hawa wa barabara hii, mzee?" akauliza.

Nilimwelewa. Barabara ya Kilwa, kutoka Bendera Tatu mpaka pale Rangi Tatu tulipopandia basi, ilipanuliwa kwa msaada wa Japani. Daraja la juu la Mfugale pale Tazara, lililofunguliwa mwaka 2018, nalo limejengwa kwa fedha ya Japani. Kijana wa umri wake anamjua Mjapani kwa lami, kwa pikipiki na kwa gari la mtumba. Mimi nilimjua kwanza kwa kovu. Babu alikuwa nalo pajani, refu, limekunjamana kama ngozi ya embe bivu, na sisi wajukuu tuliruhusiwa kuligusa siku za sikukuu tu.

Nikamwambia ndiyo, ni hao hao. Akanyamaza mpaka Mkuranga.

Babu hakuwa msemaji. Alichosema juu ya Bama kilikuwa kidogo, na mara zote kilikuwa kilekile: mvua isiyokatika, matope ya kufika magotini, ruba wanaoingia hata ndani ya viatu vilivyofungwa kamba, na Mjapani aliyejichimbia chini ya mizizi ya miti kiasi kwamba unamsikia akikohoa na humwoni. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipojua kwamba alichokuwa akieleza ni bonde la Kabaw, na kwamba Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ililipita bonde hilo katikati ya masika ya huko, mwaka 1944, ikafika Kalewa na kuvuka mto Chindwin mwezi Desemba. Humo walikuwamo vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasa na Rhodesia ya Kaskazini. Tanganyika peke yake ilitoa askari zaidi ya 80,000 katika Vita hivyo vya Pili vya Dunia. Wengine hawakufika hata huko Bama. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini ikielekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani I-27 karibu na Maldivi. Walikufa watu 1,297, na zaidi ya nusu yao walikuwa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Ilizama kwa dakika chache tu. Nyambizi ile nayo ilizamishwa siku hiyohiyo.

Kwa sababu ya kovu lile nimesoma habari za jeshi la Japani kwa miaka mingi, kila nilipopata kitabu. Nilitaka kujua ni watu wa namna gani waliomfuata babu yangu msituni, au aliowafuata yeye. Nilichokuta ni kwamba wengi wao walikuwa watoto wa wakulima wa mpunga. Tangu mwaka 1873 serikali ya Meiji ilikuwa imeamuru vijana wa kiume waingie jeshini, na kijana wa kijijini alipewa huko viatu, chakula cha uhakika, kusoma, na heshima ambayo nyumbani asingeipata. Kufikia miaka ya 1930 jeshi lilikuwa limeingia kila mahali, hata darasani, ambako maofisa walifundisha gwaride. Jambo la hatari zaidi lilikuwa katika kiapo. Askari yule aliapa kwa Mfalme, wala si kwa serikali iliyochaguliwa. Tarehe 15 Mei 1932 maofisa vijana wa jeshi la majini waliingia nyumbani kwa waziri mkuu Inukai Tsuyoshi wakampiga risasi. Tarehe 26 Februari 1936 wanajeshi wapatao 1,400 waliiteka katikati ya Tokyo kwa siku kadhaa. Maasi yale yalizimwa, lakini mwaka huohuo ikarudishwa kanuni kwamba waziri wa jeshi lazima awe ofisa aliye kazini. Maana yake ni kwamba jeshi likimwondoa waziri wake, na likakataa kutoa mwingine, serikali inaanguka. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuliambia jeshi basi.

Haya yote nilimweleza kijana wa JKT kwa sauti ya chini, maana tulikuwa tumefika Jaribu Mpakani.

Mahali hapa mtu hupunguza sauti bila kuambiwa. Tarehe 13 Aprili 2017, jirani na hapa, eneo la Mkengeni, gari la polisi lilishambuliwa na askari 8 wakauawa, silaha zao zikachukuliwa. Kati ya 2015 na 2017 waliuawa watu zaidi ya 30 katika Kibiti, Mkuranga na Rufiji, wengi wao wenyeviti na watendaji wa vijiji, polisi na viongozi wa chama, mara nyingi usiku, mlangoni mwa nyumba zao. Zikaja operesheni za vyombo vya dola, boda boda zikakatazwa usiku, watu wakahama. Mwandishi wa habari Azory Gwanda wa gazeti la Mwananchi, aliyekuwa akiandika habari za mauaji hayo, alichukuliwa Kibiti tarehe 21 Novemba 2017, hajaonekana tena. Abiria wa kiti cha mbele alionesha kwa kidevu upande wa barabara, hakusema neno. Mama mmoja nyuma yetu alisoma dua kimoyomoyo, nikaona midomo yake ikienda. Miaka imepita, mihogo imestawi pande zote mbili za barabara, machungwa yanauzwa kwa ndoo, lakini askari katika wilaya hii ni neno zito. Kiswahili chetu kinamwita askari mlinzi wa duka, polisi, trafiki, mwanajeshi, na aliyebeba bunduki ya Mjerumani. Msikilizaji ndiye anayepambanua.

Bungu niliagana na kijana. Alinishika mkono kwa mikono miwili akaniambia nimsalimie babu. Sikumwambia kwamba babu ameshatangulia mbele ya haki.

Kutoka Bungu mpaka Nyamisati nilipanda boda boda, zaidi ya saa nzima ya mchanga na vumbi, mikorosho kulia na kushoto. Nyamisati ni mwisho wa nchi kavu. Hapo ndipo panapotokea kivuko cha kwenda Kilindoni, Mafia, na hapo ndipo mashua za delta zinaposhusha kaa, kamba na magunia ya mpunga. Nilimkuta nahodha aliyekuwa akisubiri maji yajae. Nilitaka kuharakisha, akaniangalia kwa upole akasema, "Bwana, hapa saa ni ya maji." Tukasubiri. Nikanywa chai mbili na kula mkate wa kumimina chini ya banda, na kila aliyepita alisalimia.

Maji yalipojaa tuliingia. Atakayeingia delta ya Rufiji kwa mara ya kwanza atadhani ni mto mmoja wenye matawi. Kumbe ni nchi nzima iliyojengwa kwa tope na mizizi. Mikoko yake imetanda kwenye hekta zaidi ya 50,000, msitu mmoja wa mikoko mkubwa kuliko wote katika Afrika Mashariki. Nahodha alinitajia miti kama mtu anayetaja ndugu zake: huu mkandaa, ule mkoko wenye miguu, pale msindi, mchu ndiye anayetangulia kwenye mchanga, na mkomafi ana tunda kama kichwa cha mtoto. Boriti za humu zilivushwa na majahazi kwenda Uarabuni kwa karne nyingi, maana nyumba za kule zilikuwa na upana wa boriti ya kwetu. Mwaka 1898 Wajerumani waliuweka msitu huu chini ya amri yao, na mkata boriti akaanza kuomba kibali katika msitu wa baba yake. Kiboko alitoa masikio mbele yetu, nahodha akazima mashine, tukaelea kimya mpaka akazama. Pande zote mbili palionekana madungu, vile vibanda vya juu ya miti ambamo watu hulala kulinda mpunga dhidi ya nguruwe na ndege. Mengine yalikuwa yameinama. Nahodha alisema ni kazi ya mafuriko ya Aprili 2024, yaliyochukua mashamba ya Rufiji na Kibiti kwa wiki nzima nzima.

Basi humu ndimo ilimojificha manowari.

Jina la manowari hiyo kwa watu wa pwani lilikuwa Manowari Bomba Tatu, kwa sababu ya dohani zake tatu. Ilifika Dar es Salaam mwanzoni mwa Juni 1914, mpya kwa macho ya watu, inang'aa, nahodha wake Max Looff. Wakati ule nguvu ya serikali ilihesabiwa kwa bomba za meli, na bomba tatu zilikuwa nyingi. Vita vilipoanza ilitoka baharini, ikaikamata meli ya mizigo ya Waingereza tarehe 6 Agosti, na alfajiri ya tarehe 20 Septemba ikaikuta meli ya kivita Pegasus bandarini Unguja, ikitengenezwa mitambo, ikaizamisha. Baada ya hapo mitambo yake yenyewe ikaharibika. Ikaingia Rufiji, ikatia nanga Salale.

Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba. Majuma yaliyofuata, nikiyatazama kwenye kalenda, ndiyo yanayonifanya nimkumbuke Mjapani hata nikiwa katikati ya mikoko. Wakati huo Japani ilikuwa rafiki wa Uingereza kwa mkataba wa 1902, na tangu tarehe 23 Agosti 1914 ilikuwa vitani na Ujerumani. Tarehe 7 Novemba Wajapani, pamoja na kikosi cha Waingereza, waliuteka Tsingtao, bandari ya Wajerumani kule Uchina. Tarehe 9 Novemba manowari Emden, iliyotokea Tsingtao na kuisumbua Bahari ya Hindi nzima, ilipigwa visiwa vya Cocos na meli ya Australia iliyokuwa kwenye msafara mmoja na meli ya kivita ya Kijapani, Ibuki. Tarehe 10 Novemba Waingereza wakaizamisha makusudi meli kuukuu, Newbridge, katika mkondo mmoja wa Rufiji ili kuifungia Königsberg isitoke. Siku nne tu. Bahari ya Hindi ilifungwa kwa Mjerumani kutoka Uchina mpaka Rufiji, na mkono mmoja wa waliofunga ulikuwa wa Mjapani. Miaka 28 baadaye, Aprili 1942, ndege za Japani zilipiga Colombo na Trincomalee, na meli za Uingereza zikarudi nyuma kujificha Kilindini, Mombasa. Majeshi hugeuka rafiki na adui kwa sahihi ya kalamu, na mtu wa pwani huletewa habari baadaye, pamoja na orodha ya vinavyotakiwa kutoka kwake.

Salale leo ni jina la kata, na ni jina la kale la mahali. Tulishuka jua likianza kulegea. Nyumba za udongo na makuti, chache za bati, msikiti, nyavu zimeanikwa, watoto wakicheza mpira kwenye tope lililokauka. Mwenyekiti alinipokea vizuri, akakagua barua yangu, akanipeleka kwa mama mmoja mzee aliyekuwa akisuka ukili barazani.

"Hodi."

"Karibu. Karibu mwanangu."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mmekuja kuandika majina ya fidia?"

Nikamwambia hapana, nimekuja kuuliza habari za manowari. Hakuficha kwamba alivunjika moyo. Alisuka kama pima nzima ya ukili kabla ya kusema tena.

Baba yake, alisema, alikuwa kijana anayeanza kuota ndevu wakati manowari ilipoingia. Hakupigana. Alivuta. Mitambo ya meli iliyoharibika ilifunguliwa, ikapandishwa kwenye magogo, ikaburutwa na watu kwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa, kisha ikaburutwa tena kurudi. Jambo hili liko vitabuni pia, na vitabu vinasema wavutaji walikuwa maelfu. Lakini vitabu havisemi alichosema bibi: kwamba walivuta kwa kamba za usumba zilizowakata mabega, kwamba msimamizi aliimba na wao wakaitikia, na kwamba baba yake mpaka uzeeni hakuweza kuusikia wimbo wa aina hiyo, hata wa wavuvi wakivuta mashua pwani, bila kuondoka mahali alipokaa.

"Alilipwa?" nikauliza.

"Alipewa kitambaa. Mama yake alizikwa nacho."

Nikamuuliza kama baba yake angeweza kukataa. Akaniangalia kama mtu anayemtazama mgeni wa kweli. "Mwanangu, wewe hujui ya Mohoro?"

Nilijua, lakini nilikuwa sijayaunganisha. Mohoro iko Rufiji, si mbali na delta. Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga huko Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewagawia watu maji ya kuwaunganisha dhidi ya kilimo cha pamba cha kulazimishwa. Vita vya Maji Maji vikaenea kusini yote, na njaa iliyofuata, ya kuchomewa maghala na mashamba, iliua watu wengi mno kuliko risasi. Miaka tisa tu baada ya kamba ya Mohoro, serikali ileile ilikuja Salale na kamba nyingine ikasema vuteni. Kijana gani angekataa?

Nimeyawaza maneno ya bibi tangu siku ile. Habari zote za Königsberg nilizowahi kusoma zinasimuliwa kutoka juu ya sitaha. Zinasifu werevu wa Looff, uvumilivu wa mabaharia wenye malaria, na ustadi wa marubani Waingereza walioruka kutoka Mafia kuelekeza mizinga. Sina shaka kwamba mabaharia walikuwa hodari. Lakini meli ile ilikaa hai zaidi ya miezi tisa ndani ya mikoko kwa mabega ya watu ambao hakuna aliyeandika hata mmoja wao alitoka kijiji gani. Hapo ndipo jeshi linapoonesha lina uhusiano gani na jamii. Tazama nani anavuta, na kama anaweza kusema hapana.

Usiku nililala kwenye chumba cha mtoto wa mwenyekiti, chandarua kimechomekwa vizuri, maji yakigonga chini ya mtaro. Sikupata usingizi upesi. Nilikuwa nikifikiri jinsi nchi mbili, yetu na ya Japani, zilivyolijibu swali hilo la babu na la baba yake bibi, la jeshi liwe na uhusiano gani na jamii.

Japani ilijibu kwa kukataa. Baada ya Hiroshima na Nagasaki, katiba iliyoanza kutumika tarehe 3 Mei 1947 iliweka katika ibara ya 9 kwamba Wajapani wanaacha vita milele na hawatakuwa na jeshi la nchi kavu, la majini wala la anga. Mwaka 1954 wakaunda kikosi kikubwa chenye vifaru, meli na ndege, wakakiita Kikosi cha Kujilinda, wasilitamke neno jeshi. Anayeingia anaingia kwa hiari. Kwa miaka mingi watu wengi walikiona kwa jicho la shaka, mpaka ilipokuja tsunami ya tarehe 11 Machi 2011, ambapo wanajeshi wapatao 100,000 waliingia kwenye tope kuokoa watu na kutafuta maiti. Mwaka huohuo walifungua kambi Djibouti kwa ajili ya kupambana na maharamia wa Ghuba ya Aden, kambi yao ya kwanza ya kudumu nje ya nchi tangu vita, na imewekwa kwenye ardhi ya Afrika Mashariki hii hii. Mwaka 2022 serikali yao iliamua kupandisha matumizi ya ulinzi kufikia asilimia 2 ya pato la taifa ifikapo 2027. Maana ya ibara ile inazidi kunyooshwa, na Wajapani wenyewe wanabishana juu yake kwa sauti kubwa, bungeni na barabarani. Nawaheshimu kwa ubishi huo kuliko kwa ibara yenyewe.

Sisi tulijibu kwa njia nyingine. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi, wakadai mishahara na kuondolewa kwa maofisa Waingereza. Nchi ilitikisika kwa siku tano. Mwalimu Nyerere alilazimika kuwaomba Waingereza waje kuyazima maasi, na alilitaja jambo hilo kwa uchungu. Lile lilikuwa jeshi la Keya lililobadilishwa jina tu. Mwalimu alilivunja, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Mjapani alimwondoa mwanajeshi katikati ya jamii. Mwalimu alimrudisha ndani, akamtaka awe mwananchi kwanza, alime, ajenge, ajue siasa, na raia naye, kupitia mgambo na JKT iliyoanzishwa mwaka 1963, ajue kushika silaha. Hofu ilikuwa moja: jeshi lisilo na mwenyewe.

Naamini jibu letu lilikuwa bora kwa nchi maskini kama yetu. Desemba 2023 tope la mlima Hanang lilipoifunika Katesh, waliochimba kutafuta watu kwa mikono walikuwamo wanajeshi, na hakuna mwanakijiji aliyewakimbia. Hilo ni jambo kubwa kuliko gwaride lolote. Lakini jina wananchi halijilindi lenyewe. Nilikuwa nimepita Jaribu asubuhi ileile, nikaona mama anavyosoma dua.

Asubuhi ya tarehe 11 nahodha alinipeleka juu ya mto, maji yakiwa yanajaa. Königsberg haikubaki Salale. Ilipogunduliwa ilipanda ndani zaidi, ambako meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata. Ndiyo maana zililetwa kutoka Malta meli mbili bapa, Severn na Mersey, zilizoundwa awali kwa ajili ya mito ya Brazil. Zilijaribu tarehe 6 Julai 1915 zikashindwa. Zilirudi tarehe 11, mizinga ikapigwa juu ya vichwa vya mikoko, na mchana Looff akaamuru meli yake itobolewe kwa kichwa cha topido, ikakaa kwenye tope.

Nahodha alizima mashine. "Hapa," akasema. Palikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, mchu mmoja umeinamia mto, na mnandi akikausha mbawa zake. Mpaka miaka ya 1960 mwili wa meli ulionekana, kisha ukaporomoka ukamezwa. Sasa hakuna kitu cha kuona. Nilikaa pale kama nusu saa. Nahodha alirusha mshipi akapata ngogo wawili.

Lakini vita havikuishia pale, na wavutaji hawakupumzika. Wajerumani waliitoa ile mizinga mikubwa 10 ndani ya meli, ikaburutwa mpaka Dar es Salaam, ikatengenezewa magurudumu. Kamanda wao Lettow-Vorbeck aliizungusha nchini, mmoja ukafungwa kwenye meli Goetzen ziwa Tanganyika, ile tunayoiita Liemba. Kila mzinga ulikokwenda ulikuwa na mamia ya watu kwenye kamba. Upande wa Waingereza mambo yalikuwa yaleyale: vitabu vyao wenyewe vilihesabu wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, wengi kwa maradhi na njaa, na hao ni wale waliohesabiwa. Kikosi chao cha wapagazi ndicho kilichotuachia jina la Kariakoo. Tunanunua vitambaa na nyanya juu ya kambi yao.

Baadhi ya mizinga ya Königsberg bado ipo na inatunzwa vizuri. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, mwingine Pretoria. Salale nilipopita sikuona hata kibao.

Nilirudi kwa bibi kuaga. Nikamwomba anitajie jina la baba yake, la babu yake na la ukoo, nikaliandika kwenye daftari mbele yake, nikamsomea. Alinisahihisha herufi moja. Kisha akaniuliza jina la babu yangu wa Bama na kikosi chake. Jina nikataja. Kikosi sikukijua. Babu aliwahi kwenda ofisi moja na medali yake kuulizia kiinua mgongo, akaambiwa alete karatasi, na karatasi ilikuwa imeliwa na mchwa. Hakurudi tena, na sisi hatukumuuliza namba yake mpaka alipofariki.

Msomaji, kama nyumbani kwenu kuna koti la Keya, medali yenye kichwa cha mfalme wa Uingereza, au mzee anayekumbuka ni nani alivuta, alibeba au alipigana, kaa naye wiki hii. Andika jina lake, la baba yake, kijiji, kikosi na namba kama ipo, peleka nakala Makumbusho ya Taifa au Idara ya Nyaraka, na nyingine uiache kwa watoto. Halmashauri ya Kibiti nayo naiomba iweke kibao Salale, na juu ya jina la meli iandike majina ya waliovuta. La kwanza ninalo kwenye daftari langu.